Soda Ambayo Bi Mwanaima Hakuiomba

Zuleha binti Mustafa aliibiwa neno la mwisho la mama yake, na mahali pake pakawekwa chupa ya soda. Mwizi hakuvunja mlango wala hakumvizia mtu. Aliifanya kazi hiyo mchana kweupe, mbele ya kompyuta, katika banda lake karibu na stendi ya Nachingwea, na alipomaliza alitarajia kusifiwa. Akasifiwa kweli.

Wengi waliomcheka Zuleha baadaye hawakuwahi kuuliza ni nani. Ni mkulima wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mwanamke aliyevuka miaka hamsini. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akazaa, akamzika mume, na tangu hapo mikorosho ya bondeni na shamba la ufuta vikabaki mikononi mwake. Si msemaji. Jambo moja tu limemfanya ajulikane hadi kwa wanunuzi wa mbali: hachanganyi vitu. Ufuta wake hautiwi mchanga ili magunia yawe mazito, na korosho zake nzuri hazifichi mbovu chini yake. Mtu akimpelekea habari, humwuliza kwanza, "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?" Akikutana na jambo la uchafu, hugeuza uso pembeni, akatema mate, akaendelea na kazi yake. Majirani husema kwamba mate ya Zuleha yana maneno kuliko mdomo wake.

Tabia hiyo aliichukua kwa mama yake, Bi Mwanaima, ambaye katika ukoo wao ndiye aliyekuwa mwitaji. Wanawake wa ukoo huo wana desturi wanayoiita kuita nyumba. Asubuhi ya kumtoa bibi harusi, mwanamke mkubwa kuliko wote husimama uani akawaita wenzake mmoja mmoja kwa wimbo wa Kimwera. Anayeitwa hujibu kwa mstari wake mwenyewe, ambao mwingine haruhusiwi kuugusa. Kisha mwitaji humwendea, akamwinamia sikioni, akamwambia neno lake peke yake. Laweza kuwa onyo, shukrani, au msamaha uliocheleweshwa miaka mingi. Wakati huo wengine wote hupiga vigelegele kwa nguvu, tena makusudi, ili neno hilo lisiingie sikio jingine. Mama wa bibi harusi huitwa mwisho, kwa sababu lake ndilo zito. Na neno la kuita halirudiwi.

Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, baada ya mauzo ya kwanza ya korosho, Zuleha alimwoza binti yake wa mwisho, Fatu. Ndugu yake mdogo, Shaban, mwenye duka la mabati na misumari mjini Ruangwa, alitangaza kwamba zawadi yake ni video.

"Dada, nakuletea Dastani wa Nachingwea," alisema. "Huyu si wa kupiga picha na kuondoka. Huyu anatia muziki, anatia maneno, anasimulia. Ukiangalia unadhani ni filamu."

"Mimi nataka harusi ya mwanangu," Zuleha alijibu. "Filamu ya nini?"

"Wewe subiri uone."

Dastani alikuwa mtu wa kuja, kama walivyo wengi mjini Nachingwea. Kabla ya kushika kamera alikuwa amejipatia jina katika kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio, akisimulia filamu za kigeni. Kazi yenyewe huwa hivi: sauti za waigizaji huzimwa, msimulizi hukaa na maiki, akawasemea wote, mwanamume, mwanamke, mtoto, hata mbwa. Hajui Kichina wala Kihindi, na hakuna mtazamaji anayejali. Akiona midomo inatembea, anaijaza. Watu hulipa, hucheka, hurudi kesho. Mtu akifanya hivyo miaka kumi bila kuulizwa, mwishowe huamini kwamba kila mdomo duniani unatembea bure hadi yeye aujaze.

Asubuhi ya kuita nyumba, uani kulijaa. Bi Mwanaima alivaa khanga mpya, akajifunga na nyingine kiunoni, akaanza. Aliwaita dada zake, wakwe zake, binti za kaka zake. Kila mmoja alijibu, akainamiwa, vigelegele vikapanda. Zilipobaki nyumba mbili tu, yaani wanawake wawili wa kuitwa, cheche za jiko la muda lililojengwa nyuma zilishika makuti. Zuleha aliona moshi, akanyakua ndoo na kukimbia. Alikuwa juu ya kinu, akimwaga maji kwenye paa, aliposikia jina lake likiitwa kwa wimbo.

"Abee mama, nakuja!" alipiga kelele.

Aliitwa tena, na tena, na moto ulikuwa haujazimika. Mwitaji hawezi kusimamisha wimbo, maana wimbo ukikatika ni kama nyumba imekataliwa. Basi Bi Mwanaima alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alimwendea Dastani aliyekuwa akirekodi, akaishika kamera kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika mashavu ya mjukuu, akaisogeza hadi karibu na midomo yake. Akasema nayo kwa muda. Wanawake walipiga vigelegele vyao kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyesikia kitu.

Zuleha alipofika, amelowa na masizi usoni, wimbo ulikuwa umefungwa.

"Mama, nipo."

"Nimeshasema," Bi Mwanaima alimjibu, akicheka kwa meno machache aliyobakiwa nayo. "Nimemwagiza huyo mwenye jicho moja. Atakufikishia."

"Niambie wewe, mama."

"Zuleha, tangu lini neno la kuita likarudiwa? Utaniona, utanisikia. Kaa utulie wewe na ndoo yako."

Wanawake waliangua kicheko, na Zuleha akacheka pia. Hapakuwa na sababu ya kuhuzunika. Neno lilikuwa mahali salama.

Wiki ya tatu baada ya harusi, mvua zilipoanza kushika, sukari ilimpanda Bi Mwanaima, na alfajiri moja akafariki. Alizikwa siku hiyo hiyo. Katika matanga, watu walipomshika Zuleha mkono na kumpa pole, aliwashukuru kwa utulivu uliowashangaza, na Tunu, mdogo wa marehemu, ndiye pekee aliyejua siri ya utulivu huo. Zuleha alimnong'oneza, "Mama mdogo, mimi bado sijaagwa. Neno langu linakuja."

Video ikaja mwezi wa Januari. Shaban aliileta kwenye flashi, akiwa na runinga kubwa ya dukani ndani ya gari la kukodi, na kabla hajashusha vitu alikwisha kuwaalika majirani. Sebule ilijaa, wengine wakachungulia dirishani. Zuleha alikaa mbele, kwenye mkeka, amejifunika khanga ya msiba, mikono mapajani.

Kioo kiliwaka. Zikatokea nyota, zikatokea mioyo myekundu inayozunguka, yakatokea majina ya maharusi yakiruka kama panzi. Muziki wa singeli ukapiga. Halafu sauti ya kiume, nene na ya kujipendekeza, ikaingia juu ya kila kitu: "Naaam! Tuko Mbekenyera, ndani ndani huko, kwa wenyewe! Mtazamaji, funga mkanda!"

Uani ulionekana. Wanawake walionekana wakifungua vinywa, na vinywani mwao hamkutoka kitu. Vigelegele vilikuwa vimefutwa, na wimbo pia. Bi Mwanaima aliinua mkono na kuita, na kilichosikika ni ngoma ya kompyuta na Dastani akisema, "Mabibi wako kazini! Cheki bibi anavyomwaga mistari!"

Zuleha hakusogea. Alikuwa akisubiri uso.

Uso ukaja. Ulijaa kioo kizima, mikunjo, macho yaliyoanza kuingia ukungu, midomo iliyoanza kutembea polepole, kwa makini, kama ya mtu anayemtuma mtoto ujumbe na hataki asahau. Na juu ya midomo hiyo, Dastani akabana pua, akaigiza sauti ya kikongwe: "Wakwe zangu wee, pilau mmekula, soda yangu iko wapi? Nataka ya baridi! Bila soda bibi harusi hatoki!" Ukafuata mlio wa chupa kufunguliwa, kisha kicheko cha watu wengi ambao hawakuwapo Mbekenyera siku ile.

Na karibu sebule nzima ikacheka. Ndugu walicheka, jirani waliobeba jeneza walicheka, na Shaban alijipiga paja hadi machozi yakamtoka. Mama yake mzazi hajamaliza hata miezi miwili ardhini, mwanamke ambaye tangu daktari amkataze sukari hakuonja hata chai yenye kijiko kimoja, naye akajipiga paja.

"Rudisha hapo, rudisha!" mtu alisema kutoka dirishani.

Ikarudishwa. Bi Mwanaima akaomba soda mara ya pili.

Zuleha alisimama, akatoka nje, akashika nguzo ya baraza. Safari hii hakutema mate. Alitapika.

Shaban alimfuata. "Dada, vipi? Ni utani tu ule."

"Shaban, mama amesema nini pale?"

"Si umesikia? Ah, ni yule jamaa kachangamsha."

"Nakuuliza mama. Amesema nini?"

Halikuwa limempitia Shaban akilini kwamba mama yake, alipokuwa akitembeza midomo, alikuwa akisema kitu.

Asubuhi iliyofuata Zuleha alipanda bodaboda hadi Ruangwa, na kutoka hapo akashika gari la Nachingwea. Alijiambia njia nzima kwamba mtu mzima hawezi kutupa sauti ya marehemu. Lazima iko mahali, katika kadi, katika kompyuta, chini ya makelele yale kama jembe lililoangukia nyasini. Angeinama na kuliokota.

Banda la Dastani lilikuwa na kioo, picha za maharusi waliong'arishwa nyuso hadi wakafanana wote, na feni iliyokuwa ikizungusha vumbi. Mwenyewe alimpokea kwa bashasha.

"Karibu mama yangu! Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mama wa bibi harusi wa Mbekenyera."

"Ooh! Mama wa Mbekenyera! Kaa, kaa. Ile kazi imetisha, au siyo? Watu wananipigia simu hadi wa Masasi."

"Nimekuja kuchukua sauti ya mama yangu."

"Sauti?"

"Mama yangu alikushika kamera, akasema na wewe. Alisema nini?"

Dastani alikuna kichwa. "Mama, pale bibi aliongea kilugha. Mimi wa kuja, ningejuaje?"

"Kama hukujua, soda umeitoa wapi?"

"Aa, ile ni vionjo tu, mama! Video bila msimulizi inapooza. Watu wanasinzia. Mimi nimekaa kwenye hii kazi, najua watu wanataka nini."

"Ulikuwa na visikio masikioni siku ile. Uliisikia sauti yake?"

"Niliisikia." Hapo uso wake uling'ara kwa fahari ya ufundi. "Tena nikwambie ukweli, ya bibi ndiyo iliyoingia safi kuliko zote. Alisogea kabisa kwenye maiki. Vigelegele vyote nyuma, yeye mbele, neno kwa neno."

"Iko wapi?"

"Kadi niliifuta, mama. Jumamosi yake nilikuwa na sherehe Mkotokuyana. Na kwenye kompyuta nikishamaliza kazi nafuta, vinginevyo inajaa."

Alisema hivyo bila kutikisika, kama mtu aelezaye kwamba amefagia. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amelisikia neno lile, neno kwa neno, likapita masikioni mwake kama maji kwenye mfereji, naye alichokumbuka ni kwamba liliingia safi.

Hapo mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke aliyevaa vizuri, mwenye mkoba na miwani. Alikuwa Mwalimu Felomena, aliyefuata picha za mahafali ya shule yake. Alimsalimu Dastani, akatupa macho kwa mgeni, na Dastani, ambaye hakuwahi kukosa nafasi ya kujitangaza, akasema, "Mwalimu, unamjua huyu? Huyu ndiye mtoto wa yule bibi wa soda!"

"Hapana!" Mwalimu alishika mdomo, mabega yakacheza. "Jamani! Ile klipu wenzangu ofisini wameniua nayo! Mama, shikamoo. Samahani, naomba tupige picha moja, niwaonyeshe."

Hivyo ndivyo Zuleha alivyojua kwamba Dastani alikuwa amekikata kipande cha uso wa mama yake, akakiweka mtandaoni kama tangazo la biashara. Huyu aliyekuwa akimwomba picha alikuwa mtu wa shahada, aliyekabidhiwa watoto wa wilaya awafundishe kusikiliza na kuelewa. Naye, kama wale wa dirishani Mbekenyera, hakuwa amejiuliza yule mzee alikuwa akisema nini. Kisomo chake kilimtosha kuuona mdomo wa mkulima ukitembea na kuamini kwamba hauna kitu ndani.

"Mama yangu amekufa," Zuleha alisema.

Simu ya Mwalimu ilishuka. "Oh. Pole sana. Sikujua."

"Hukuuliza."

Dastani aliona mambo yanaharibika, akaingilia kwa sauti laini. "Mama, pole kweli. Mungu amlaze pema. Sasa mimi nakufanyia hivi, tena bure kabisa: naitoa singeli, pale pa bibi naweka kaswida. Nzito, ya huzuni. Na mimi mwenyewe nasimulia kwa upole, nasema, 'Huyu ni bibi yetu mpendwa, akiwaaga wanawe.' Watu watalia, nakuhakikishia."

Zuleha alimtazama. Alitazama mdomo wake, unyevu, mwepesi, uliokuwa tayari kumfanya mama yake mlafi jana na mtakatifu leo, kwa maiki ile ile. Akageuza uso pembeni na kutema mate, sakafuni, kwenye vigae vyeupe vya banda, akatoka.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuchefusha. Klipu ilipita kwenye simu za Nachingwea na Ruangwa kama upele. Zuleha akishuka sokoni Ruangwa, vijana wa bodaboda walimwona kwa mbali wakabana pua: "Bila soda hatokiii!" Muuza nyanya aliyemzoea miaka mingi alimwuliza kama alete kreti. Shaban alimsihi asichukulie moyoni, akaongeza kwamba duka lake limechangamka, maana wateja wanafika kumtazama mtoto wa bibi wa soda na hawaondoki bila misumari. Alisema hilo kama habari njema.

Fatu aliporudi kumsalimu mama yake baada ya Idi, alimkuta amekonda. Alikuwa binti mwenye akili ya simu. Alizima sauti yote ya video ile, ikabaki picha tupu, na jioni moja wakakusanyika wachache: Fatu, Bi Tunu, Shaban aliyekuja kuomba radhi kwa kilo mbili za sukari, na jirani yao Makrina, ambaye si wa ukoo, lakini Zuleha alimtaka awepo kwa sababu ndiye jirani pekee ambaye siku ile ya runinga hakucheka.

Walianza kutazama bila sauti. Na hapo likatokea jambo ambalo Dastani, kwa ufundi wake wote, asingeliweza. Bi Mwanaima alipoinua mkono na kufungua kinywa kumwita Tunu, Tunu, akiwa amekaa mkekani na miguu yake yenye baridi yabisi, alijibu. Mstari wake ulimtoka mzima, kwa Kimwera, kama alivyoujibu siku ile. Na kwa kuwa kila jibu huzaliwa na mwito wake, aliweza kuutaja na mwito wenyewe. Fatu akakumbuka mstari wa shangazi yake. Kesho yake waliwaita wengine, na kila mwanamke alipouona mdomo wa marehemu ukimgeukia alirudisha kilicho chake. Fatu alizirekodi sauti hizo akazipanga chini ya picha, mahali pake. Vigelegele navyo vikapigwa upya. Nyumba baada ya nyumba, wimbo ukarudi, hadi ukafika kwenye uso uliojaa kioo.

Midomo ilitembea.

"Hapo mwanzo anataja jina lako," Tunu alisema, amesogea karibu na kioo. "Hilo naliona. Mbele yake... meno hakuwa nayo, mwanangu. Sioni."

"Rudisha," Zuleha alisema.

Fatu alirudisha, tena na tena. Shaban alikohoa.

"Dada, mimi naona kama anasema habari ya mikorosho. Ile ya bondeni. Tazama mdomo hapo: kama anasema tugawane."

"Mh! Tugawane!" Tunu alimgeukia. "Wewe siku ile ulikuwa unakula maini nyuma ya nyumba, leo unasoma midomo? Dada yangu mimi namjua. Hapo anamwambia Zuleha anitunze, mimi na miguu yangu hii."

"Mama mdogo, hapo sioni miguu."

"Na mikorosho je, unaiona?"

Makrina alijaribu kutuliza. "Shoga, labda alikuwa anakubariki tu. Mama akimwambia mwanawe, nini tena? Weka hivyo moyoni, upumzike."

Zuleha aliwatazama mmoja mmoja. Safari hii walikuwa watu wake mwenyewe. Hawakuwa na maiki wala singeli, ila kila mmoja alikuja na soda yake.

"Nyamazeni," alisema. "Msimtilie mama yangu maneno kinywani. Aliyotiliwa yanatosha."

"Basi tupaache vipi, dada?" Shaban aliuliza. "Patupu?"

"Patupu. Fatu, mwanangu, hapo usiweke kitu. Wala wimbo, wala dua, wala sauti yangu. Alisema neno, na neno lenyewe sinalo. Atakayetazama aone kwamba hatuna."

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo video ya harusi ya Fatu. Wimbo unaenda, vigelegele vinapanda, kisha uso unakuja na sauti inakatika kabisa. Wageni huanza kugeuka kutafuta rimoti, na Zuleha huwaambia, "Haijaharibika. Mtazameni."

Mwezi wa Juni 2025, ufuta ulipokwisha kuvunwa, mjukuu wa Tunu aliolewa Malolo. Mwitaji sasa alikuwa Tunu. Upande wa bwana harusi ulikuwa umemkodi Dastani, na alifika na kamera begani, visikio shingoni, akamsalimu Zuleha kana kwamba hakuna lililopita.

"Mama wa Mbekenyera! Leo nawatoa vizuri kuliko mwanzo."

Taa nyekundu ya kamera iliwaka. Tunu alisimama uani kwa mkongojo wake, akainua mkono, akafungua kinywa. Hakutoa sauti. Aliyeitwa alimjibu kwa kutembeza midomo tu. Wanawake waliinua vichwa na kupiga vigelegele ambavyo havikusikika, ndimi zikicheza, na uani ule wenye watu zaidi ya mia ukawa kimya hadi kuku wakasikika. Walikuwa wamekubaliana tangu juzi yake, na wazo lilikuwa la Zuleha.

Dastani alibonyeza visikio vyake, akapiga maiki kwa kidole. "Mbona siwapati? Mama zangu, toeni sauti!"

"Ya nini?" Zuleha alimwuliza kutoka katikati ya wenzake. "Si wewe unazo? Tia basi!"

"Tia!" mwingine alidakia. "Sema tunaomba soda!"

"Na maandazi!"

"Na usibane pua sana, utapata mafua!"

Kicheko kilichopasuka siku hiyo ndicho cha kwanza ambacho Zuleha alikifurahia tangu Januari. Mjomba wa bwana harusi alihangaika huku na huko, akawasihi akina mama waanze, maana jua linapanda na bibi harusi hajatoka. Tunu alimjibu kwa heshima zote kwamba hawajakataa kuimba, wamekataa kusemewa. Mwishowe mjomba alimshika Dastani bega akamwambia azime. Taa nyekundu ilipozimika, Tunu alianza upya kwa sauti iliyofika barabarani, na nyumba ikaitwa.

Habari ile ilipita Mbekenyera, Malolo hadi vijiji vya upande wa Nachingwea, na katika harusi mbili zilizofuata akina mama walimfungia Dastani vinywa vile vile. Hakuomba radhi, na klipu ya uso wa Bi Mwanaima aliiondoa mtandaoni kimya kimya, pale tu ilipoanza kumfukuzia wateja. Ila tangu Jumatatu ya tarehe 14 Julai 2025, ubao ulio nje ya banda lake una mstari mpya wa rangi nyekundu unaosema kwamba sauti halisi za wahusika hazifutwi, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba huduma hiyo ina malipo ya nyongeza.